Gesti ya mama mkubwa nimeikuta London!

Mlionikosa wiki tatu hizi msinirushie madongo, sikuwa nimelala. Nilikuwa London. Ndiyo, London hiyo hiyo ya kwa Mfalme, mimi huyu huyu na divisheni foo yangu ya kidato cha nne. Msinione najidai. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alijifungua huko, na aliyetakiwa kwenda kumsaidia mzazi ni mama mkubwa mwenyewe. Magoti yakagoma. "Nenda wewe," akaniambia, "wewe si huna kazi." Mtu unaandika gazetini kila wiki, halafu unaambiwa huna kazi! Nikafunga begi kimya kimya.

Usiku wa kuamkia safari akaniita chumbani kwake. Akafunga mlango. Kuna mtu anataka kununua gesti.

Najua, nyie mkisikia gesti mnawaza mengine. Yaacheni. Hii ni gesti ya wasafiri, ipo Singida kando ya barabara kuu. Vyumba 12 vinazunguka ua, kila mlango unatazama uani, na mbele ya milango kuna kibaraza cha bati ili mgeni asilowe akienda bafuni. Mama mkubwa anakaa kwenye kigoda karibu na geti, na hakuna anayeingia wala kutoka bila yeye kumuona. Mimi nimekulia mle. Mashuka ya gesti ile nimeyafua mpaka vidole vikawa kama tangawizi, na ada yangu ya sekondari yote imetoka humo. Enzi hizo mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha. Basi likichelewa linalala, abiria wanamwagika na mabegi, watoto wanalia, kila mtu anauliza, "Mama, chumba kipo?" Wengine tuliwalaza kwenye mikeka barazani, na walilipa.

Mwaka 2023 serikali ikaruhusu tena mabasi kutembea usiku. Kwa abiria ni neema, hata mimi nimepanda nikalala kwenye kiti mpaka asubuhi. Lakini mama mkubwa sasa ana vyumba 12 na wageni wawili, na mmoja wa hao wawili ni fundi redio ambaye hajalipa tangu Pasaka. Huyo mnunuzi nyumba haitaki. Anataka kiwanja, avunje, ajenge godauni. Jibu anataka mwisho wa mwezi.

"Ukafikirie huko uendako," mama mkubwa akaniambia, "uniambie neno."

Mimi? Neno? Hebu ona kazi hiyo.

Basi nikafika, nikabeba mtoto, nikapika uji, nikashangaa baridi. Jumapili moja shemeji akanionea huruma, akaniambia nivae koti anipeleke kuona baa ya kale. Tukashuka stesheni ya London Bridge, kusini mwa mto Thames, tukafuata barabara ya Borough High Street. Barabara ya kawaida tu, mabasi mekundu na watu wanaokimbia kama wanadaiwa. Mara shemeji akakata kushoto kwenye uchochoro, tukapita geti, tukatokea uani.

Nilisimama pale pale.

Mkono wa kulia kuna nyumba ndefu ya matofali na mbao. Sehemu yake moja ina roshani mbili, moja juu ya nyingine, zimezungushiwa vijiti vya mbao na zimetokeza juu ya ua. Vyumba vya juu vilikuwa vinafunguka kwenye hizo roshani, yaani ukitoka chumbani uko nje, unaona ua wote chini yako. Chini meza zimepangwa na watu wanakunywa bia huku wamevaa makoti.

"Hii ni gesti," nikasema.

Shemeji akacheka. "Hii ni baa, shemeji. Inaitwa George."

"Shemeji, mimi nimefua mashuka miaka sita. Nyumba ambayo milango yote inatazama uani ni gesti."

Na kweli. Wiki ile mtoto akilala tu mimi huyo maktaba ya mtaani kwao, maana nilitaka nimfunge shemeji mdomo kwa ushahidi. Nilichokikuta humo kilinifanya nimsahau shemeji kabisa.

Nyumba ya wageni pale palipo George ilikuwepo tangu miaka ya 1500. Kwa nini pale? Kwa sababu ya daraja. London kwa karne nyingi ilikuwa na daraja moja tu la kuvuka Thames, jembamba, limejengewa nyumba juu yake kama Kariakoo. La pili, la Putney, lilikuja mwaka 1729, tena mbali kule juu ya mto, na la Westminster likafuata mwaka 1750. Sasa mtu anatoka Kent au Dover na gari lake la farasi, anafika jioni, geti la daraja limefungwa. Atafanyaje? Analala upande wa huku, kwenye kitongoji cha Southwark. Ndiyo maana barabara ile moja ilijaa gesti, zimepangana bega kwa bega, kila moja na geti lake na ua wake mrefu unaoingia ndani. Kufungwa geti ndiyo ilikuwa riziki yao. Niliposoma hapo nikafunga kitabu kidogo, nikamkumbuka mama mkubwa na basi lililochelewa.

Mwaka 1676 moto ukala sehemu kubwa ya Southwark, miaka kumi baada ya ule moto mkubwa wa London wenyewe. George ikateketea. Mwaka uliofuata, 1677, wakaijenga upya kwa ramani ya kizamani ile ile, ua na roshani, na hiyo ndiyo unayoiona leo. Wenyewe wanapenda kukuambia Shakespeare huyu na Shakespeare yule. Ni kweli michezo ya kuigiza ilichezwa kwenye nyua za gesti za London miaka ya 1500, nyumba kama Bull na Bell Savage ng'ambo ya mto, wachezaji wanasimama uani na wenye pesa wanatazama kutoka roshani. Ni kweli pia ukumbi wa Globe ulijengwa mwaka 1599 sio mbali na hapo. Lakini Shakespeare alifariki mwaka 1616. Roshani hizi zilipopigwa misumari alikuwa kaburini zaidi ya miaka 60. Tuwe wakweli jamani, hata kama tunauza bia.

Sasa ile ramani. Mjenzi hakuweka korido ndani, aliitoa nje akaifanya roshani. Ameokoa ukuta mmoja, na mgeni akitaka kujua kama gari lake linafungwa farasi anachungulia tu. Geti ni moja. Usiku likifungwa, mizigo, magari na watu wote wako ndani ya kuta nne, mwizi atapita wapi? Farasi walikuwa na mazizi yao ua wa nyuma. Chini, chumba ambacho leo wanakiita Old Bar kilikuwa cha abiria kusubiria gari. Humo kuna saa kubwa ya ukutani, ya aina ambayo Waingereza wameipa jina la Bunge. Mwaka 1797 serikali yao ilitoza kodi ya saa. Ndiyo, saa! Ukimiliki saa unalipa. Watu wakapiga kelele, na kodi ikafutwa mwaka uliofuata. Saa kubwa za aina hiyo zilikuwepo kwenye gesti hata kabla ya kodi, ila jina likanata. Na msafiri wa gari la farasi aliihitaji saa kuliko kitu chochote, maana gari halimsubiri mtu.

Hapa lazima niwaeleze magari yenyewe, kwani ni kama naona stendi ya mabasi. Mwanzoni yalikuwa ya kujikongoja. Barua za posta zilibebwa na vijana juu ya farasi, na majambazi waliwafanya shamba la bibi. Ndipo akatokea bwana mmoja John Palmer, mwenye kumbi za michezo ya kuigiza huko Bath na Bristol, akasema barua ziwekwe kwenye gari la abiria la mwendo kasi, lenye mlinzi na silaha. Wakubwa wa posta wakamcheka. Tarehe 2 Agosti 1784, saa kumi jioni, gari lake likatoka Bristol. Kesho yake kabla ya saa mbili asubuhi lilikuwa London, njia ya kilomita zaidi ya 180 kwa saa zisizozidi 16. Kicheko kikaisha.

Ndani wanakaa abiria wanne, hao ndio wenye nauli nene. Wengine wanapanda juu ya paa, nauli nafuu, mvua yako, baridi yako. Nyuma anakaa mlinzi, koti jekundu, bunduki ya mdomo mpana, na baragumu. Akilipuliza, mlinda geti la ushuru wa barabara anafungua mbio, kwa sababu gari la posta halilipi ushuru wala halisimami. Na huyo mlinzi anapewa saa iliyofungiwa kwenye kikasha kwa ufunguo, asiweze kuichezea akasingizia hakuchelewa. Natamani makondakta fulani fulani ninaowajua wangefungiwa za kwao.

Farasi anachoka upesi, kwa hiyo kila kilomita kama 16 wanabadilishwa wanne wapya. Mahali pa kubadilishia ni wapi? Gesti. Kwa hiyo barabara nzima ya Uingereza ikawa na gesti kama shanga kwenye uzi. Ilipofika miaka ya 1830 watu wa mazizi walikuwa hodari mpaka wanabadilisha farasi wanne ndani ya dakika moja au mbili. Kutoka London mpaka Edinburgh, safari iliyokuwa inakula siku kumi na zaidi katikati ya miaka ya 1700, ikashuka mpaka saa kama 45.

Na chakula? Malalamiko ya abiria wa enzi hizo nimeyasoma nikacheka peke yangu maktaba nzima ikanigeukia. Unashuka, unalipa, supu inaletwa ya moto hailiki, unapuliza, unapuliza, baragumu hilo! Gari linaondoka, supu inabaki, na pesa imeshakwenda. Nani hajawahi kuachiwa chipsi zake njiani akapanda basi anatafuna mate? Wahudumu wengi waliishi kwa bakshishi. Yupo wa kubeba mizigo, wa kutandika vitanda, na yupo aliyekuwa anapita usiku kukusanya viatu vya wageni, anavipiga rangi, asubuhi vinakuwa mlangoni vinang'aa. Charles Dickens, katika kitabu chake cha Pickwick kilichotoka miaka ya 1836 na 1837, alimtoa kijana mmoja mpiga viatu akamfanya mtu maarufu kuliko wenye viatu. Kijana huyo anaonekana kwa mara ya kwanza uani kwa White Hart, gesti ya jirani kabisa na George. Dickens alizijua nyua hizo tangu utotoni. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa kwa madeni gereza la Marshalsea, barabara hiyo hiyo, na yeye akapangishiwa chumba karibu na hapo. Mtoto wa miaka 12, baba jela, anapita kila siku mbele ya mageti ya gesti anatazama watu wanaosafiri. Na George aliitaja kwenye kitabu chake cha Little Dorrit.

Basi mambo yakawa mazuri. Barabara zimepigwa kokoto, magari yanakimbia, gesti zimejaa. Na hapo hapo ndipo zilipokufa.

Mwaka 1830 reli ya Liverpool na Manchester ikafunguliwa. Desemba 1836 stesheni ya London Bridge ikafunguliwa, ile ile niliyoshukia mimi na shemeji, dakika chache kwa miguu kutoka geti la George. Hebu fikiria, umejenga riziki yako juu ya mtu kulala, halafu mlangoni kwako wanaweka kitu kinachomfikisha kabla ya kusinzia. Mwaka 1841 treni ikawa inakwenda London mpaka Bristol kwa saa nne hivi. Saa 16 za Palmer zilizomshangaza kila mtu zikawa kichekesho. Mwaka 1846 magari ya posta ya farasi yakaacha kutoka London.

Alikuwepo tajiri mmoja, William Chaplin, mwenye farasi zaidi ya 1,000 na gesti kubwa mjini London, Swan with Two Necks, yenye mazizi chini ya ardhi. Kama ni mabasi, huyo ndiye alikuwa anazima stendi. Alipoona reli inakuja hakukaa kwenye kigoda akalaani. Aliuza, akaweka pesa kwenye reli, akaishia kuwa mwenyekiti wa kampuni ya reli ya London and South Western. Huyo nilimwandika kwenye daftari nikampigia mistari miwili chini, kwa ajili ya mama mkubwa. Halafu nikajiuliza, mama mkubwa naye akauze vyumba 12 akanunue reli gani?

George yenyewe ilinunuliwa na reli. Kampuni ya Great Northern iliichukua mwaka 1874 ikaifanya mahali pa kupokelea mizigo. Mwaka 1889 ikavunja pande mbili za nyumba. Mnajua ilijenga nini? Magodauni.

Nilisoma neno hilo mara tatu.

Na huo upande mmoja uliobaki ndio ninaokuelezeni. Ulikuwa ua wenye roshani kila upande, leo ni ubavu mmoja tu. Majirani hawakubahatika hata hivyo. Tabard, ambayo mshairi Chaucer ndiko alikowakusanyia mahujaji wake wa Canterbury, ilivunjwa miaka ya 1870. White Hart ya yule mpiga viatu ikavunjwa mwaka 1889. Gesti zenye roshani za London zilikuwa kibao, na iliyobaki imesimama ni hii George peke yake. Mwaka 1937 kampuni ya reli iliyorithi ile ya kwanza ikaitoa kwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, nalo linaikodisha kwa wafanya biashara. Aliyeivunja ndiye aliyeitoa. Hapo sina maoni, nacheka tu.

Jumapili ya mwisho nikamwomba shemeji turudi. Nikaketi uani, nikampigia mama mkubwa. Nilikuwa na wasiwasi, sio siri. Ningeweza kumwambia, usiuze mama, iko moja London ina miaka zaidi ya 340 na imejaa watu. Lakini huo ungekuwa uongo wa kistaarabu. Moja imebaki, ngapi zimekwenda? Na hiyo moja hakuna mwenye gesti aliyeiokoa kwa ujanja wake, ni mabaki tu ambayo shoka halikuyafikia. Kwa hiyo nikamsimulia yote, daraja, farasi, treni, magodauni. Alinisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho si kawaida yake.

"Sasa vyumba vya juu," akauliza, "usiku wanalala wageni wangapi?"

"Hakuna anayelala, mama. Vyumba vya juu wameweka meza. Watu wanakula."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Hiyo sio gesti tena," akasema. "Hiyo ni hoteli."

"Ndiyo, mama."

"Na hawa wa mabasi ya usiku wanaonipita hapa saa nane, saa tisa, wanakula wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka usiku wangu mwenyewe kwenye basi lile, tumesimamishwa mahali penye giza tukachimbe dawa, na mama mmoja anauza mayai kwa tochi ya simu. Wanne tuligombania mayai matano.

"Sijasema siuzi," mama mkubwa akaendelea. "Huyo bwana nimemwambia asubiri mpaka mwisho wa mwezi kama tulivyopatana. Ila hebu niambie, jiko lao wameliweka wapi? Mbele ya geti au nyuma?"

"Sijaliona, mama."

"Umekaa hapo wiki tatu unatazama roshani, jiko hujaliona? Inuka. Kalitafute, unipigie picha. Na bati la juu, moshi unatokea wapi."

Nikainuka. Shemeji akaniuliza naenda wapi, nikamwambia. Akajifanya hanijui, akageukia bia yake, na mimi nikaanza kuzunguka nyuma ya nyumba ya mwaka 1677 na simu mkononi, nanusa harufu ya vitunguu.